Miaka Miwili ya Uanagenzi wa Sheria

SWALI: Mhariri, nimepata nafasi ya uanagenzi wa usolisita, yaani uwakili wa kushauri wateja na kuandaa hati, katika kampuni kubwa ya mawakili wa biashara jijini London. Je, nitafanya kazi gani hasa, na nitasimama mahakamani?

JIBU: Hongera. Kwa kawaida uanagenzi huo huchukua miaka 2, nao hugawanywa katika vipindi 4 vya miezi 6, kila kimoja katika idara tofauti. Mahakamani utakwenda kwa nadra, tena kuandika yanayosemwa, kwa kuwa nchini Uingereza kutetea kesi katika mahakama za juu bado ni kazi ya mabarista, yaani mawakili waliobobea katika kusimama mahakamani, kwa sehemu kubwa.

Kazi utakayoizoea ni ya makaratasi. Chukua mfano wa mkopo: benki haitoi fedha mpaka mkopaji awasilishe maazimio ya wakurugenzi, dhamana na hati nyinginezo, na mwanagenzi ndiye anayetunza orodha ya hati hizo, akifuatilia ambazo hazijafika na kuhakikisha kwamba kila ukurasa wa sahihi umetiwa sahihi na mtu anayestahili. Wengi huidharau kazi hii. Mimi naiona kuwa ndiyo shule yenyewe, maana anayeijua orodha ile huujua mkataba mzima. Siku ya kukamilisha muamala usipange miadi ya jioni.

Kuhusu SQE, yaani mitihani ya kufuzu usolisita iliyoanzishwa mwaka 2021, uliza mapema, kwani kampuni kubwa nyingi hutaka uifanye kabla ya kuanza kazi.