Mkojo kubaki kwenye kibofu: je, mzee apimwe presha ya kibofu kabla ya upasuaji wa tezi dume?

Mkuu, umeuliza kama mzee wako wa Kondoa (miaka 71, kisukari cha muda mrefu, ultrasaundi imekuta mililita 340 zimebaki baada ya kukojoa) aende moja kwa moja kwenye upasuaji wa tezi dume, au kwanza afanyiwe kipimo cha presha ya kibofu kama alivyoshauri daktari wa pili. Mimi nipo Dodoma, nina sukari pia, na kipimo hicho nimekipitia. Kwa mzee wa namna hiyo ningemsikiliza daktari wa pili.

Mkojo kutoka kwa shida hakukuonyeshi shida iko wapi. Sisi watu wa Dodoma tunalijua hili: maji yakitoka kidogo bombani, huenda bomba limeziba hapo mtaani, huenda pampu za Mzakwe hazisukumi. Tezi dume iliyokua hubana njia. Sukari ya miaka mingi nayo huharibu neva za kibofu, msuli ukakosa nguvu. Mwenye njia iliyobanwa na mwenye msuli dhaifu wote watakaa chooni nusu saa wakijikamua, na kuna wazee wenye yote mawili. Ukipasua tezi ya mtu ambaye kibofu chake hakisukumi, anaweza kutoka hospitali na mkojo unabaki vilevile.

Wanaanza na kilicho rahisi: unakojoa kwenye chombo kinachopima kasi. Kasi ya juu kabisa ikiwa chini ya mililita 10 kwa sekunde ni ndogo, ikizidi 15 kwa kawaida hakuna wasiwasi. Ila utoe angalau mililita 150, la sivyo namba hizo hazina maana. Na mzee asibane mkojo njia nzima kwenye basi. Kibofu kilichojaa kupita kiasi hulegea, majibu yakatoka mabaya kuliko hali yenyewe. Afike mapema, anywe maji taratibu, aingie akiwa na haja ya kawaida.

Ndipo kinakuja kipimo cha presha ya kibofu. Kabla ya hapo wanapima mkojo kuhakikisha hakuna maambukizi. Wanapaka jeli ya ganzi, wanapitisha mpira mwembamba hadi kwenye kibofu, na mwingine njia ya haja kubwa. Huo wa pili ndio wazee wanaoukataa, kwa hiyo mweleze mapema: unapima presha ya tumbo tu. Maji ya chumvi yanaingia polepole, unaulizwa umeanza kuhisi lini, sasa umebanwa kiasi gani. Kila baada ya muda unaambiwa, "Baba, kohoa." Ukikohoa, mistari miwili kwenye skrini inaruka pamoja, wanajua mipira yote inasoma. Mwishoni unakojoa mipira ikiwa ndani, watu wazima wamesimama pembeni. Mimi mkojo uligoma, mpaka nesi akafungulia bomba la sinki na wote wakageukia ukutani.

Kompyuta inaondoa presha ya tumbo kwenye presha ya kibofu, inayobaki ni nguvu ya msuli wenyewe. Presha kubwa na mkojo mdogo: njia imebana, upasuaji una nafasi nzuri ya kusaidia. Presha ndogo na mkojo mdogo: msuli umechoka. Kwangu mstari wa tumbo ulipanda, wa msuli ukabaki chini. Kumbe nilikuwa nakojoa kwa kujikamua. Sikupasuliwa. Nilifundishwa kwenda chooni kwa ratiba ya saa, kukojoa kisha kusubiri na kurudia, na kujitoa mkojo kwa mpira safi mwenyewe. Hili la mwisho linatisha kulisikia kuliko kulifanya.

Wadau wanaosema kila mwenye tezi dume iliyokua apimwe presha ya kibofu, hapana. Uingereza walifuatilia wanaume 820 katika hospitali 26, majibu yakatoka 2020: waliopimwa presha na wasiopimwa walifanyiwa upasuaji kwa idadi iliyokaribiana, asilimia 38 kwa 36. Kwa wengi, maswali ya daktari, kasi ya mkojo na ultrasaundi vinatosha. Madaktari hufikiria kipimo hiki zaidi kwa aliye chini ya 50 au juu ya 80, mkojo unaobaki ukizidi mililita 300, asiyeweza kutoa 150, aliyewahi kupasuliwa bila nafuu, au mwenye shida ya neva. Mzee wako ana 340 na sukari.

Kuhusu kurudi Kondoa siku hiyohiyo, inawezekana, hakuna usingizi wa dawa. Mkojo utachoma kidogo siku moja au mbili, damu kidogo si ajabu, anywe maji. Akipata homa au baridi kali arudi hospitali. Na kama kabla ya miadi mkojo utagoma kabisa huku tumbo la chini limejaa, msisubiri kipimo: ni dharura, awekewe mpira hapohapo Kondoa. Dawa za mafua asinunue duka la dawa bila kuuliza, baadhi hufunga mkojo. Kabla hajapanda basi, pigeni simu kuhakikisha mashine inafanya kazi na bima yake inalipia kipimo.