Hesabu ya bei iwekwe wapi: kwenye kontrola au kwenye modeli?

Ndugu, umeuliza ikiwa hesabu ya bei katika programu yako ya wauza samaki wa Dunga iwekwe kwenye kontrola au kwenye modeli. Iweke kwenye modeli, yaani sehemu ya programu inayoshika data na kanuni zake. Kazi ya kontrola ni kupokea ombi kutoka kwa kivinjari, kuiuliza modeli, kisha kuukabidhi mwonekano, yaani sehemu inayochora ukurasa anaouona mtumiaji, data ya kuonyesha; ukiijaza kontrola hesabu za kilo za mbuta na ngege, siku utakapotaka kutuma bei hizo hizo kwa ujumbe mfupi wa simu, utalazimika kuziandika upya. Mimi nilifanya kosa hilo katika mradi wangu wa kwanza hapa Kisumu, na kulirekebisha kulinichosha kuliko kuuandika mradi wenyewe.

Mpangilio huu wa kuigawa programu katika modeli, mwonekano na kontrola ulibuniwa na Trygve Reenskaug mwaka 1979 akiwa katika kampuni ya Xerox, kabla wavuti haijakuwepo, kwa hivyo usishangae kuona kila mfumo wa kuundia programu za wavuti, kama Django na Laravel, ukiufuata kwa namna yake. Katika Django, sehemu inayoitwa mwonekano hufanya kazi ambayo Laravel huipa kontrola, na kwa maoni yangu jina hilo halikuchaguliwa vyema.

Anza na jedwali moja la hifadhidata. Malipo ya simu yasubiri.