Wanaume Wanne Bila Kinanda

ULIZA MWALIMU WA KWAYA

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yangu alitoka Musoma akaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akazeekea hapa hapa Tanga. Ndani ya sanduku lake tumekuta santuri moja. Wanaume wanne wanaimba Injili kwa Kiingereza, hakuna gitaa wala kinanda. Jalada lina maandishi The Mennonite Hour. Mimi na wenzangu watatu tuna kwarteti yetu, na kila tukialikwa tunaambiwa tutafute mpiga kinanda, eti hivi hivi hatunogi. Hawa ni akina nani, na kwa nini waliimba namna ile?
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, msiipige tena hiyo santuri kwa sindano kuukuu. Sindano butu inakwangua mifereji, na sauti ikishakwanguliwa hairudi. Ifute vumbi kwa kitambaa laini, kufuata mzunguko wa mifereji, kisha isimamishe wima kama kitabu. Usiilaze juani wala karibu na jiko.

Hao ni waimbaji wa kanisa la Wamennonite, na swali lako limenigusa, kwa sababu mimi nimezaliwa Shirati, huko huko mkoani Mara kwa babu yako, kwenye kanisa hilo. Mama yangu alikuwa akipeta mtama huku akiimba Tenzi za Rohoni, nami nilizishika zote kutoka kwake. Siku niliyokaa upande wa wanaume kanisani kwa mara ya kwanza nilishangaa: watu wanaimba maneno ninayoyajua kwa sauti nisiyoijua. Kumbe miaka yote ile mama alikuwa akiimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake. Nilidhani ndio wimbo. Jirani yetu naye alikuwa na besi yake, sauti nzito ya wanaume, akiiimba peke yake nyuma ya ng'ombe, na haikumpungukia kitu. Kila mtu alikuwa na robo yake ya wimbo nyumbani, Jumapili tukaenda kuziunganisha. Hapo ndipo kwarteti ya Kimennonite inapozaliwa. Usiitafute jukwaani.

Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kanisa la Wamennonite lina mizizi katika watu wa Zurich waliobatizana wakiwa watu wazima mwezi Januari 1525. Mmoja wa viongozi wao, Conrad Grebel, alikuwa amemwandikia mhubiri wa Ujerumani, Thomas Müntzer, mwaka 1524 akipinga hata kuimba kwenyewe ibadani! Walioleta nyimbo ni wafungwa. Kati ya 1535 na 1540 ndugu kadhaa waliteswa katika gereza la ngome ya Passau, Ujerumani, wakatunga huko nyimbo zaidi ya 50. Zilichapwa mwaka 1564, na ndizo kiini cha kitabu kiitwacho Ausbund, ambacho Waamishi wa Marekani, tawi la waumini hao hao, wanakitumia mpaka leo. Wanaimba polepole sana, wote sauti moja. Sauti nne hazimo.

Njia ya kuimba kwa sauti kadhaa ilifunguliwa na mwalimu mmoja wa Virginia, Marekani, Joseph Funk, Mmennonite, aliyezaliwa 1778. Mwaka 1832 alitoa kitabu cha nyimbo ambacho baadaye, mwaka 1851, kilipewa jina Harmonia Sacra. Mwaka 1847 alishaweka mashine ya kuchapia kijijini kwake, na kijiji hicho kikaja kuitwa Singers Glen, bonde la waimbaji. Nota zake zilikuwa na maumbo: fa pembetatu, sol duara, la mraba, mi almasi. Mkulima aliyetoka shambani na udongo miguuni aliliona umbo akajua aimbe nini, kama sisi tunavyosoma d, r, m za sol-fa ubaoni. Nimefundisha sol-fa miaka mingi hapa Tanga, nami nampenda mzee huyu nisiyemwona. Aliamini mtu wa kawaida anaweza kusoma muziki, akamtafutia njia.

Sasa sikiliza jinsi kamba hii inavyojisokota. Mjukuu wa Funk, Aldine Kieffer, aliingia biashara ya vitabu vya nyimbo pamoja na shemeji yake, Ephraim Ruebush. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani wawili hawa walikuwa katika majeshi yanayopigana. Vita vilipokwisha wakachapa nyimbo pamoja, na mwaka 1874 wakafungua shule ya muziki huko New Market. Kutoka katika mafunzo na vitabu vya namna hiyo ukaenea muziki wa Injili wa kusini mwa Marekani. Mwaka 1910 mchapaji James D. Vaughan wa Lawrenceburg, Tennessee, akawatuma wanaume wanne wazunguke makanisani wakiimba ili vitabu vyake vinunuliwe. Kwarteti ya kulipwa ilianza kama wauza vitabu.

Redio na santuri zikairudisha kwarteti nyumbani kwa Wamennonite, na wazee wengi hawakufurahi. Katika majimbo mengi ya kanisa lao vyombo vya muziki vilikatazwa ibadani, na pengine hata watu wanne kusimama mbele wakaimba huku wengine wakikaa kimya kulionekana ni mlango wa majivuno. Mimi siwacheki wazee wale. Nimeshaona kwaya ikivunjika kwa sababu ya nani asimame karibu na maikrofoni. Ila vijana waliimba, majumbani, vyuoni, na mwaka 1951 kipindi cha redio The Mennonite Hour kikaanza Harrisonburg, Virginia, nyimbo zake zikiimbwa bila chombo. Santuri ya babu yako ni ya ukoo huo.

Na Musoma inaingiaje? Mwaka 1934 wamisionari Wamennonite, Elam Stauffer akiwa mmoja wao, walifungua kituo cha kwanza Shirati. Walitumwa kutoka Pennsylvania, na kanisa lililowatuma halikutumia kinanda ibadani. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo hapa nchini. Babu yako alibeba uimbaji huo wa kwao akaja nao Tanga, mji wa Atomic Jazz na Black Star, ambako mtu anazaliwa akisikia gitaa na taarabu. Simlaumu anayewaambia mtafute kinanda. Sikio lake limelelewa hivyo.

Ila msikilize hiyo santuri mara moja bila kufuata maneno. Katika uimbaji huu sauti ya wimbo kwa kawaida iko kwa tena (tenor) ya pili, yaani mwanaume wa sauti ya pili kutoka juu. Tena ya kwanza inaelea juu yake, kwa upole. Baritoni inajaza pale penye pengo, na besi ndiyo sakafu. Kabla ya ubeti sikilizeni pumzi: wanavuta pamoja, kama mtu mmoja. Wengi wetu tunapumua kila mtu kwa wakati wake, kisha tunalaumu kukosa kinanda.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Simameni duara, mabega yakigusana, taa izimwe. Imbeni ubeti mmoja kwa sauti ya chini kiasi kwamba kila mmoja anamsikia mwenzake kuliko anavyojisikia. Asiyemsikia mwimbaji wa tena ya pili anaimba kwa nguvu mno. Niliwafanyia hivyo vijana wanne pale Chumbageni, mmoja dereva wa bajaji aliyezoea kupiga kelele barabarani kutwa nzima. Wiki tatu alikuwa akitufunika. Alhamisi moja alinyamaza katikati ya kiitikio, akasema, "Mwalimu, nimewasikia wote watatu." Tangu siku hiyo hakuna aliyewauliza habari za kinanda.

SWALI: Mwalimu, sisi ni dada wanne wa Pongwe. Je, kwarteti ni ya wanaume tu? Hatuna besi.
Dada wa Pongwe

JIBU: Hapana, wanangu. Gawaneni soprano mbili na alto mbili. Wimbo upeni soprano ya pili ili ya kwanza iwe huru juu. Alto ya pili ndiyo besi yenu, kwa hiyo awe yule asiyeogopa kushuka. Msinakili besi ya kwaya kama ilivyo, itamzamisha. Pandisheni ki, yaani sauti ya kuanzia wimbo, kwa nota mbili, na pale besi inaposhuka mno, mwacheni aimbe nota hiyo hiyo kwa sauti ya juu yake. Mkikwama njooni Alhamisi jioni, tupo Chumbageni.