Mkuu, hiyo hesabu ya bima iache kwanza, mpigie mtu simu

Mkuu weka chini hicho kikaratasi chako cha hesabu. Umeuliza mambo manne: kama bima ya maisha itailipa familia ukijiua, wadai wanaokupigia mpaka kazini uwafanyeje, kiwanja uuze au usiuze, na mke umwambie au umfiche. La kwanza silijibu, na wengine humu nawaomba msilijibu, manake mtu anayeuliza hilo saa nane usiku hana shida ya kujua mambo ya bima. Na mimi niliuliza hivyo hivyo, ndo maana nimeruka kuandika bila hata salamu.

Ninachokwambia ni kimoja. Leo, kabla hujalala, mwambie mtu mmoja, na useme neno lenyewe: nawaza kujiua. Usiseme "nimechoka", usiseme "mambo magumu", kila mtu anasema mambo magumu na atajibiwa "tupo wengi ndugu yangu" halafu stori zinahamia kwenye mpira.

Mimi hapo ndipo nilipoharibu. Miezi kibao natembea na kidaftari, upande huu madeni, upande ule fidia iliyoandikwa kwenye mkataba wa bima, na kila nikijumlisha jibu linatoka lile lile, kwamba watu wangu watakuwa salama mimi nisipokuwepo. Nilikuwa najifungia chooni na tochi ya simu nasoma yale maandishi madogo ya mkataba kama mtu anayejiandaa na mtihani, mimi ambaye siku nasaini sikusoma hata ukurasa mmoja! Mchana nacheka na watu, usiku nakopa huku nilipe kule, zile aplikesheni za mikopo zilikuwa zinanipigia simu kuliko mchumba yeyote niliyewahi kuwa naye. Na kadiri nilivyokaa kimya ndivyo ile hesabu ilivyozidi kuonekana ya akili, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuikagua. Ukiwa umekosa usingizi na unadaiwa kila kona, akili inabana, inakuonyesha mlango mmoja tu na kukuapia kwamba hakuna mwingine. Na mimi nikaiamini, mtu mzima mwenye vyeti vyake.

Halafu kuna watu nina hasira nao mpaka leo. Mmoja mzee wangu ninayemheshimu, nilijaribu kumgusia kwa mbali akaniambia mwanaume shida zake anazimeza. Haya mzee, nilimeza, nusura zinimalize. Mwingine ni wakala aliyeniuzia hiyo bima, alinichekea akasema "bosi, sasa hivi ukifa una thamani kuliko ukiwa hai". Kwake yeye ilikuwa utani wa biashara, kwangu ikabaki kichwani ikawa sera. Yule jamaa sijui alisomea wapi hiyo kazi lakini arudishiwe ada yake.

Aliyenitoa ni dada yangu. Nilikuwa nazunguka zunguka na maneno, yeye anavaa viatu atoke, akaacha kamba ya kiatu kimoja haijafungwa akaniuliza kavu kavu, "unataka kujiua?" Nikasema ndiyo. Basi. Hakupiga kelele wala hakunihubiria, akakaa. Watu wanaogopa kuuliza hivyo wakidhani watamtia mtu wazo, si kweli, wazo lilikuwepo siku nyingi, swali ndo lilinipa pa kulitolea. Siku ile ile akaondoa nilichokuwa nakiwaza akaenda kukiweka kwake, akarudi akalala kwangu, kesho yake akanipeleka kwa daktari. Mkuu na wewe hilo lifanye, hicho unachokifikiria usikae nacho nyumba moja, mpe mtu. Ile hamu ya kujiua inapanda na inashuka, na watu walio wengi waliofika mpaka ukingoni wakanusurika hawakuja kufa kwa kujiua baadaye. Kwa hiyo unachotafuta leo ni kuvuka usiku huu, madeni hayaishi usiku mmoja hata ungekuwa malaika.

Kama unaona huwezi kusubiri hata asubuhi, toka nenda hospitali yoyote iliyo karibu kitengo cha dharura, waambie hivyo hivyo. Kama huna wa kumwambia, kuna watu kazi yao ni kusikiliza tu, ingia kwenye tovuti ya Befrienders Worldwide uangalie kama kuna namba ya nchi uliyopo. Utaona aibu dakika mbili tatu hivi. Mimi nilikuwa nadaiwa mpaka na mtu ambaye mwenyewe anadaiwa, kwa hiyo usiniambie habari za aibu.

Kuhusu bima, nikujibu lile ambalo hukuuliza. Dada ndiye aliyepiga simu kule, mimi hata sauti sikuwa nayo. Bima ikiwa ni ya aina yenye akiba na umechangia miaka kadhaa, mara nyingi unaweza kuomba mkopo juu yake, au kusimamisha michango ikabaki na fidia ndogo, au kuivunja upewe chako ukiwa unapumua. Kuivunja unapunjika sana, kwa hiyo usikimbilie. Zile za muda tu, yaani zinazokulinda kwa miaka fulani basi, huwa hazina akiba ndani. Yaani muda wote nakesha na ule mkataba, sehemu iliyokuwa inamhusu mtu aliye hai niliiruka!

Wadai nao waombe kwa maandishi wakupangie upya marejesho, wengi wanakubali kuliko unavyodhani, deni linalolipwa polepole kwao ni bora kuliko la mtu asiyepokea simu. Na usikope tena kulipa mkopo, hata kama ujumbe unasema umeongezewa kiwango.

Mke mwambie, ila kama yeye ni mgumu anza na mwingine, mtu mmoja tu anatosha kwa leo. Kiwanja sijui, uliza tena kesho watu wa ardhi wapo humu. Sasa hivi toka humu upige hiyo simu, ukimaliza rudi uandike "nimepiga" tu, nipo macho.