Flask nimeisakinisha mara tatu, Apache bado haiioni

SWALI: Yaya, niko Bukavu. Nimemwandikia dada yangu, anayeuza vitenge Kadutu, programu ndogo ya mauzo kwa lugha ya Python na Flask, maktaba yake ya kutengeneza tovuti. Kwenye terminali inatembea vizuri. Nikiiweka nyuma ya Apache, seva ya tovuti, napata kosa la 500 (hitilafu ndani ya seva), na logi inasema: ModuleNotFoundError: No module named 'flask'. Nimesakinisha Flask mara tatu, mega za intaneti zinaisha. Nimeweka PYTHONPATH (orodha ya folda ambamo Python hutafuta moduli) kwenye .bashrc, faili ya mipangilio ya terminali yangu, halafu nikaiweka kwa SetEnv, agizo la mipangilio ya Apache. Hakuna kilichobadilika.

JIBU: Mdogo wangu, usisakinishe mara ya nne. Flask ipo, ila anayeitafuta si wewe. Mimi nikishuka meli kutoka Goma, ukaniambia nikanunue unga kwa "yule mama wa kila siku", nitazunguka soko zima la Kadutu bila kumpata. Mama yupo, unga upo, njia ndiyo sina.

Kwenye terminali, Python inaanza na venv yako (folda yenye Python na maktaba za mradi wako) pamoja na .bashrc yako. Apache huwashwa na mfumo mashine inapowaka, na kwenye Ubuntu kazi zake hufanywa na mtumiaji anayeitwa www-data. Huyo hafungui .bashrc yako hata siku moja.

SetEnv imedanganya wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Ushauri huo ulifaa zamani za CGI, njia ya kale ya seva kuendesha programu: kila ombi lilianzisha mchakato mpya, kwa hiyo SetEnv PERL5LIB iliisaidia lugha ya Perl kupata moduli zake. Kwa mod_wsgi, sehemu ya Apache inayoendesha Python, Python imeshaamka na orodha yake ya njia, sys.path, imeshapangwa. Unachoandika kwenye SetEnv kinafika na kila ombi, ndani ya kamusi ya WSGI (data ambayo seva huikabidhi programu yako), wala hakigusi orodha hiyo.

Andika hivi kwenye faili ya mipangilio ya tovuti yako katika Apache:

WSGIDaemonProcess duka python-home=/srv/duka/venv python-path=/srv/duka
WSGIProcessGroup duka

python-home ni mzizi wa venv, si folda zake za ndani bin wala site-packages. python-path ni folda ya msimbo wako mwenyewe.

Umeona nimeandika /srv, si /home. Tangu Ubuntu 21.04, folda mpya za nyumbani hufungwa kwa ruhusa 750 (mwenyewe na kundi lake tu), hivyo www-data haiwezi kupita humo hata mipangilio ikiwa sahihi. Venv usiihamishe kwa mv, maana ina njia kamili zilizoandikwa ndani yake. Tengeneza nyingine hapo hapo /srv, kwa akaunti yako, bila sudo (amri ya msimamizi) kwenye pip, kisakinishi cha maktaba za Python: Flask itatoka kwenye akiba ya pip, na mega zako zitapona. Toleo la Python la venv liwe lile lile ambalo mod_wsgi ilijengewa. Python-home haibadilishi toleo.

Kabla ya kuniamini, hakikisha. Juu kabisa ya faili ya .wsgi, ile inayoanzisha programu yako ndani ya Apache, weka:

import sys
print(sys.version, sys.prefix, sys.path, file=sys.stderr)

Kisha sudo systemctl restart apache2, fungua ukurasa, usome logi ya makosa. sys.prefix (mzizi wa Python inayotumika) isipokuwa /srv/duka/venv, tatizo liko kwenye mistari miwili ya hapo juu. Ikiwa ni hiyo na kosa bado lipo, linganisha sys.version na toleo la venv, kisha angalia ruhusa za folda.

Ile PYTHONPATH ya .bashrc ifute leo. Ukiiacha, terminali itaendelea kukuambia mambo ni sawa wakati Apache inalia.