Usilipe hiyo darubini ya EQ, mkuu: angalia stendi kabla ya bomba

Mkuu, usilipe. Kama umeshalipa, piga simu sasa hivi wakurudishie hela kabla mzigo haujatoka.

Umeuliza kama uchukue ile darubini ya kioo chenye kipenyo cha milimita 114, fokasi (umbali ambao kioo kinakusanyia mwanga) milimita 1000, yenye stendi ya EQ (equatorial), kwa sababu boksi limeandikwa "750x", yaani inakuza mara 750, na muuzaji anakuapia kuwa ni ya kitaalamu. Ukauliza pia kama itabebeka kwenye basi ukienda kwenu Njombe. Mimi naanza na stendi, maana hapo ndipo hela yako inakwenda kuzama. Ya kwangu ilizama hapohapo, kwa darubini ya aina hiyohiyo.

Stendi ya EQ ina mhimili mmoja ambao lazima ulale sambamba na mhimili wa dunia. Ukiupatia, unazungusha kitasa kimoja tu, taratibu, na sayari inabaki kwenye jicho. Ni ubunifu mzuri sana, sibishi. Lakini mhimili huo unainuliwa kutoka upeo wa macho kwa nyuzi zilezile za latitudo ya mahali ulipo. Mtu wa London anauinua nyuzi 51 na nusu, darubini inakaa katikati ya miguu yake mitatu, na kaskazini ana nyota ya Polaris ya kulengea. Wewe uko Dodoma, nyuzi 6 kusini. Dar ni karibu 7, Arusha 3 na kitu, Nairobi 1 na kidogo. Kwa hiyo mhimili wako unatakiwa ulale karibu sambamba na ardhi, ukitazama kusini. Polaris huioni popote Tanzania, iko chini ya upeo. Ya upande wetu, Sigma Octantis, ni hafifu mno: hata porini kwenye giza totoro unaitafuta, na kwetu inakaa chini kabisa, kwenye vumbi na ukungu. Mjini sahau.

Sasa chukua stendi nyepesi ya bei ya chini, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya na Marekani, ujaribu kuilaza hivyo. Yangu iligoma karibu na nyuzi 20, boliti ikafika mwisho. Nikarefusha mguu mmoja na kufupisha mingine miwili ili nipate mlalo uliobaki. Fimbo ya uzito, ile ya kusawazisha bomba, ikawa inagonga mguu kila nikizungusha, na kichwa chote kikaegemea upande mmoja kikitaka kuanguka na bomba lake. Nikigusa kitasa cha fokasi, Zohali inatetemeka. Nasubiri itulie. Ikitulia, imeshatoka nje ya lenzi, kwa sababu mhimili haujaelekea popote pa maana. Naitafuta upya, naigusa, inatetemeka tena. Watoto wa jirani waliokuwa wamepanga foleni kuona pete wakaenda kulala bila kuona kitu, na hilo linaniuma kuliko hela.

Muuzaji nilimuuliza waziwazi, kwa maandishi: je, inafaa kwa Tanzania? Akajibu "inafaa dunia nzima." Nilipomrudia na picha ya ile boliti, akaniambia nisome kitabu cha maelekezo. Kitabu chenyewe kimeandikwa "elekeza kwenye Polaris", basi, hakuna hata mstari mmoja kwa sisi wa kusini. Na yule jamaa wa video aliyeisifu dakika ishirini nzima alikuwa amekaa bustanini kwake Ulaya. Kwake inafanya kazi! Hakusema uongo, ila hakujali kusema ni kwa nani. Kitu pekee kinachofanya kazi hadi leo ni kile chuma cha uzito: kinazuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo.

Kuhusu hiyo "750x", piga hesabu mwenyewe. Ukuzaji ni fokasi ya darubini ugawe kwa fokasi ya lenzi ya jicho: 1000 kwa 4 ni 250, halafu wanakuongezea Barlow (lenzi ya nyongeza ya kuzidisha ukuzaji) ya mara 3, unapata 750. Lakini kioo hakiwezi kubeba zaidi ya takriban mara mbili ya kipenyo chake kwa milimita, kwa hiyo cha 114 kinakomea kama 228, na hapo ni usiku ambao hewa imetulia. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Tena dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo kwa mara 750 Mshtarii inapita kwenye lenzi kwa sekunde kumi na kitu tu. Kwa stendi ile hata kuiona huwahi.

Na pima bomba kwa macho. Darubini ya kioo ya kawaida, ile unayochungulia ubavuni, bomba lake huwa na urefu unaokaribiana na fokasi. Ukiona wameandika 1000 na bomba ni nusu mita, ujue kuna lenzi imefichwa ndani ya kile kishikizo cha lenzi ya jicho ili kurefusha fokasi. Ikiwa ya bei rahisi, picha haikazi vizuri, na kunyoosha vioo vyake ni mateso.

Unachotaka ni stendi inayokwenda kushoto na kulia, juu na chini, basi. Aina ya Dobson. John Dobson alikuwa mtawa kule San Francisco, akaunda darubini kubwa kwa mbao na takataka za viwandani ili watu wa barabarani wachungulie bure. Siku hizi kuna ndogo za kuweka mezani: Sky-Watcher Heritage 130P ina kioo cha milimita 130, fokasi 650, bomba linajikunja, na yote pamoja ina kama kilo sita. Kwenye basi unaipakata. Lenzi zake za 25 na 10 zinakupa mara 26 na mara 65, na kwa mara 65 pete za Zohali unaziona, mikanda ya Mshtarii na miezi yake minne pia. Kwa mara 26 weka Kilimia, kisha geukia kusini utafute Omega Centauri, lile kundi kubwa la nyota ambalo huyo wa Ulaya na video yake huenda halioni kabisa kwake.

Inahitaji kitu imara cha kuikalisha. Kreti la soda lililopinduliwa linafaa, mfuniko wa zege wa shimo unafaa zaidi. Meza ya plastiki hapana, utarudi kwenye mtetemeko uleule. Udhaifu wake kwetu ni mmoja: sayari nyingi zinapita karibu na utosi, na hapo kuizungusha kunakuwa kugumu. Subiri saa moja hivi zishuke.

Kama hela haifiki, nunua darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele milimita 50), hakuna stendi ya kukuhangaisha. Usishuke kwenye boksi lingine la EQ kwa sababu ni la bei nafuu.

Popote utakaponunua, omba uitoe mchana, uilenge mnara wa simu wa mbali, ugonge bomba kwa kidole na kuhesabu. Mnara ukiendelea kucheza zaidi ya sekunde mbili tatu, irudishe ndani ya boksi na uondoke dukani. Wakikataa usiiguse, ondoka pia.

Halafu ukikuta ndani ya boksi kilenzi cheusi kimeandikwa "Sun", cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kivunje siku hiyohiyo. Joto la jua linakipasua jicho lako likiwa hapohapo. Kichujio salama cha jua kinafunika mdomo wa mbele wa bomba, si nyuma.

Ukipata tangazo jingine, tuma hapa picha ya stendi. Ya boksi usihangaike nayo.