Jibu: Wino wa katuni unasambaa msimu wa mvua

Habari ndugu. Umesema uko Ujiji, unachora katuni kwa kalamu ya kuchovya, na tangu mvua zianze mistari inasambaa kama mizizi. Unauliza ubadili wino gani, na pia kuhusu kuchorea kwenye tableti.

Usinunue chochote kwanza. Chora mstari kwa wino huohuo kwenye karatasi mpya iliyokuwa imefungwa, halafu kwenye ile iliyolala mezani. Ukisambaa kwenye ya mezani tu, tatizo ni unyevu. Huku Kigoma, Novemba hadi Aprili, karatasi iliyoachwa wazi inakunywa unyevu na wino unafuata nyuzi zake. Zangu nazilaza kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, natoa moja moja. Chini ya kiganja weka kipande cha karatasi safi. Jasho na mafuta ya mkono vinaharibu kazi nzuri kabisa. Wino ukisambaa kwenye karatasi zote mbili, angalia uzito wa karatasi: ya fotokopi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ni nyepesi mno kwa nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu. Tafuta gramu 160 kwenda juu, yenye uso laini.

Meza nayo iondoe mbele ya dirisha la ziwani. Huko ni magharibi, jua la alasiri linakupiga usoni. Kama unachorea mkono wa kulia, mwanga utoke kushoto.

Swali lako la tableti nawaachia wanaoitumia, mimi ni wa karatasi.